Sifuri ya Wodi ya Wazazi

Fundi baiskeli alikuja kituoni siku tatu mfululizo. Siku mbili za kwanza askari wa mapokezi alimwambia kwamba mtu kufiwa na mke hospitalini ni msiba, si kosa la jinai, na akamshauri aende kwa wazee wa ukoo. Siku ya tatu alirudi vilevile, akakaa kwenye benchi, bahasha mapajani, mpaka Inspekta alipotoka kutafuta chai na kumuona.

Inspekta huyo alikuwa na jina lake, lakini tangu zamani wenzake walimwita Kobe. Alikuwa mzito wa kutembea, mzito wa kujibu, na faili moja aliweza kulisoma siku nzima. Vijana wapya walimcheka mpaka walipofanya naye kazi. Baada ya hapo wao wenyewe ndio waliokuwa wakiwaambia wengine kwamba ukimwona kobe ameinama, ujue anatunga sheria.

Alimwingiza fundi ofisini, akaifungua bahasha. Ndani mlikuwa na cheti cha kifo cha mwanamke wa miaka ishirini na sita. Mahali alipofia: wodi ya wanawake. Sababu ya kifo: malaria kali.

“Nini hakiko sawa hapa?” Kobe aliuliza.

“Vyote viwili, afande. Mke wangu alikwenda kujifungua. Hakuwa na homa, na hakutoka wodi ya wazazi akiwa hai. Mtoto alizaliwa salama, wakanipa nimshike hapo koridoni. Kisha nikaona mhudumu anatoka na ndoo. Akarudi. Akatoka tena na ndoo.”

Kobe alimuuliza anataka nini hasa: fidia, au muuguzi fulani aadhibiwe? Fundi alitikisa kichwa.

“Nimebakiwa na binti wa siku kumi na tisa. Akikua ataisoma hii karatasi. Itamwambia mama yake aliuawa na mbu.”

Kobe hakutoa pole nyingi. Alichukua jalada jipya, akaandika juu yake: kughushi hati ya serikali. Hilo ni kosa la jinai, hata kama aliyeandikwa ameshazikwa.

*

Hospitali ya wilaya ilikuwa na ubao mkubwa langoni, umepakwa rangi nyeupe. Uliandikwa kwamba hospitali imetimiza miezi kumi na minne bila kifo cha mzazi. Ile namba ilikuwa kwenye kibao kidogo kinachoning’inia kwa ndoano, ili mwezi ukiisha kibadilishwe bila kupaka rangi upya.

Chumba cha kumbukumbu kilikuwa nyuma ya duka la dawa. Karani wake, bwana mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni, alimpokea Kobe vizuri kupita kiasi. Alimletea kiti chenye mto. Kobe alikikalia, akaomba vitabu vyote vya vyeti vya vifo vya miezi kumi na minne, vile vishina vinavyobaki cheti kikichanwa. Alitaka wanawake tu, wa miaka kumi na mitano hadi arobaini na tano.

“Ni vingi, afande.”

“Nina muda.”

Kazi ilichukua siku mbili. Kobe alipekua kishina kimoja kimoja, na kila alipompata mwanamke wa umri huo alikwenda kulitafuta jina lake kwenye daftari la wodi ya wazazi. Waliopatikana kote kuwili walikuwa kumi na mmoja. Wote waliingia hospitalini wakiwa na uchungu wa kujifungua. Wote walihamishiwa wodi ya wanawake. Wote walifia huko. Watano waliandikiwa malaria kali, wanne upungufu wa damu, wawili moyo kusimama.

Aliyaandika hayo kwenye ukurasa mmoja, kisha akautazama mstari wa mwisho kwa muda mrefu.

“Karani,” alisema, “unamjua mtu yeyote aliyekufa huku moyo wake unaendelea kupiga?”

Mwandiko wa vyeti vyote kumi na kimoja ulikuwa wa karani, naye alijua kwamba Kobe ameshaliona hilo. Alipoulizwa, alisema kwamba yeye huandika anacholetewa. “Mimi ni bomba tu. Maji yakija machafu, bomba halikuyachafua.”

“Na nani yuko kwenye kisima?”

Karani alifungua kabati, akatoa mafungu ya hati za kuhamisha wagonjwa. Kila mgonjwa anapotolewa wodi moja kwenda nyingine, alieleza, mkuu wa wodi anayotoka hutia sahihi na kuandika ugonjwa. Alizipanga zile kumi na moja mezani mwenyewe, bila kuombwa. Zote zilikuwa na sahihi ya mtu mmoja: mkunga mkuu wa wodi ya wazazi.

Kisha, akipunguza sauti kama anayetoa siri ya ndugu, alisema kwamba mama huyo ameshaondolewa wodini. Kulikuwa na maneno kwamba alikuwa akiuza damu ya benki ya hospitali. Uongozi ulimhurumia kwa sababu ya umri, ukampeleka kukunja mashuka.

Ilikuwa hadithi nzuri. Mkunga anauza damu, wazazi wanakufa kwa kukosa damu, mkunga anaandika malaria ili kufuta nyayo. Usiku ule Kobe alilala akiamini kwamba kesi imekwisha. Asubuhi alirudi akaomba barua ya kumwondoa mkunga wodini, akaisoma pamoja na tarehe yake. Akarudi kwenye zile hati kumi na moja. Tano zilikuwa zimetiwa sahihi baada ya tarehe hiyo, ile ya mke wa fundi ikiwa mojawapo. Mtu aliyekuwa akikunja mashuka upande wa pili wa uwanja angewezaje kuendelea kuhamisha wagonjwa wa wodi aliyofukuzwa?

Hakumwambia karani. Alimshukuru kwa kiti, akateremka chumba cha maiti.

Mhudumu wa huko alikuwa mtu wa makamo, msafi, mwenye saa kubwa ya mkononi. Daftari lake lilikuwa limepigwa mistari kwa rula. Aliandika jina, umri, jamaa aliyekuja, na saa ya kupokea maiti mpaka dakika. Kobe alimsifu kwa hilo, naye akaeleza kwamba miaka ya nyuma ukoo mmoja ulimshitaki kwa uzembe, na daftari ndilo lililomwokoa. Tangu hapo hamwamini mtu yeyote, hata waliokufa.

Kobe alimtajia tarehe ya kufa mke wa fundi. Mhudumu alifunua, akaweka kidole.

“Huyu hapa. Nilimpokea saa nane na dakika kumi mchana.”

Kobe alitoa hati ya uhamisho. Ilisema mgonjwa ametoka wodi ya wazazi saa nane na dakika arobaini mchana, hali mbaya, homa kali.

Walizitazama karatasi mbili kwa pamoja. Mhudumu ndiye aliyesema.

“Alihamishwa wodi akiwa huku kwangu.”

Walirudia hesabu hiyo kwa wote kumi na mmoja. Tisa walikuwa wamepokelewa chumba cha maiti kabla ya kuhamishwa wodi. Mmoja alitangulia kwa saa mbili nzima. Wawili waliobaki saa zao zililingana, pengine kwa sababu siku hizo mwandishi alikumbuka kutazama ukutani. Kobe aliomba kulichukua daftari kama kielelezo, akamwandikia mhudumu risiti, na mhudumu akaisoma risiti mara mbili kabla ya kuliachia.

Maabara haikumchukua dakika ishirini. Watano walioandikiwa malaria walikuwa wamepimwa wote, siku ile ile waliyolazwa. Mtaalamu wa maabara alimsomea majibu moja moja kutoka kwenye kitabu chake: hana vimelea, hana vimelea, hana vimelea, hana vimelea, hana vimelea.

*

Mkunga alikuwa amekaa juu ya furushi la mashuka, anakunja. Hakuacha kukunja Kobe alipojitambulisha. Aliuliza tu, “Umekuja kunikamata kwa damu au kwa kelele?”

“Kuna kesi ya kelele?”

“Ndiyo kubwa kuliko zote hapa.”

Kobe alimwonyesha zile sahihi. Mkunga alivaa miwani, akatazama ya kwanza, akacheka bila furaha. Alichukua kalamu ya Kobe, akatia sahihi yake nyuma ya karatasi tupu. Yake ilikuwa na nukta chini ya herufi ya mwisho, mazoea aliyotoka nayo chuoni. Kati ya zile kumi na moja, hata moja haikuwa na nukta. Kuhusu damu, alisema, Kobe aende benki ya damu aulize chupa ngapi ziliingia mwaka huo. Mtu hauzi ghala tupu. Baadaye Kobe aliuliza, akaambiwa chupa sita, zote zilitumiwa kwa majeruhi wa ajali moja ya lori.

Kisha mkunga akaeleza, taratibu, kama anayemfundisha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mwanamke akishajifungua hupigwa sindano ya kukaza mfuko wa uzazi ili damu isimwagike. Dawa ya sindano hiyo ni lazima ikae kwenye baridi. Ikipata joto inakuwa maji tu. Jokofu la wodi ya wazazi lilikufa miezi kumi na mitano iliyopita. Tangu siku hiyo wanawapiga wazazi sindano za maji. Wengi wanapona kwa sababu mwili wa mwanamke una huruma zake. Ambaye mwili wake haukuwa na huruma, alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja.

“Uliripoti?”

“Barua tatu. Ya tatu niliipeleka mwenyewe mpaka makao makuu ya wizara. Wakanifungulia kitabu.”

Alisimama, akamwongoza Kobe hadi chumba cha mwisho cha ghala. Ndani mlijaa vyandarua, vipya, ndani ya mifuko ya plastiki, vimerundikwa mpaka karibu na dari. Mkunga alisogeza mirundo miwili ya mbele. Nyuma yake lilionekana lile jokofu la wodi, jeupe, mlango wazi, nalo limejazwa vyandarua.

“Kitabu cha takwimu za vifo,” alisema. “Majokofu mapya yanagawiwa kwa wilaya zenye vifo vingi vya uzazi. Wakatafuta jina letu. Uzazi, sifuri. Malaria, imepanda. Yule bwana alinihurumia kabisa. Akaniambia, mama, msijali, tutawaletea vyandarua.”

Alirudisha mirundo ya vyandarua mahali pake.

“Niliporudi nikasema kwenye kikao cha asubuhi, mbele ya wote, kwamba tunawazika wazazi kwa kalamu. Wiki iliyofuata nikaambiwa nauza damu.”

Kobe alimuuliza wodini kuna wazazi wangapi leo. Wanne, alisema mkunga, na mmoja ana mimba ya mapacha. Kobe alitoka nje, akapiga simu kituoni. Aliagiza gari la doria liende hospitali ya wilaya jirani, mwendo wa saa moja na nusu, likiwa na sanduku la barafu, likaombe dawa hiyo kwa jina ambalo mkunga alimtajia herufi kwa herufi. Dereva alitaka kujua hilo gari aliandike limekwenda kwenye tukio gani. Kobe alimwambia aandike kuzuia mauaji.

*

Mganga Mfawidhi, mkuu wa hospitali, alikuwa na ofisi ya ghorofani, yenye zulia na feni isiyopiga kelele. Ukutani palikuwa na picha yake akipokea tuzo. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, na alipoona Kobe anaweka vitabu mezani kimoja kimoja, hakuuliza ni vya nini.

Alianza kwa kumlaumu mkunga. Kobe alimwachia aseme mpaka mwisho, kisha akaweka ile barua ya kumwondoa mkunga wodini karibu na hati tano za baadaye. Mganga aliziangalia tarehe. Akahamia kwa karani: karani mzembe, hajui saa. Kobe akafungua daftari la chumba cha maiti. Mganga akasema kwamba malaria katika eneo hili ni jambo la kawaida, na daktari mzoefu huitambua hata bila kipimo. Kobe akafungua kitabu cha maabara penye yale majibu matano. Baada ya hapo mganga alionekana kama mtu aliyechoka zaidi kuliko aliyeshikwa.

Karani, alisema hatimaye, aliandika hati za uhamisho na kuiga sahihi kwa maelekezo yake. Yeye ndiye aliyekuwa akichagua ugonjwa.

“Ulichaguaje?”

“Kwa namna alivyokuwa. Akiwa amepauka sana, upungufu wa damu. Akiwa alitokwa jasho, malaria. Nikiwa na haraka, moyo.”

Kobe aliandika jibu hilo neno kwa neno, akamgeuzia karatasi aisome. Mganga aliisoma, akafuta uso kwa kiganja.

“Hujui kunavyokuwa, Inspekta. Mzazi mmoja akifa, ninaitwa mkoani kujieleza. Ninasimamishwa mbele ya watu, ninaonyeshwa wenzangu wenye sifuri. Mgonjwa wa malaria akifa, hakuna anayeniita. Wa kwanza, kabla ya ile miezi kumi na minne, nilimwandika kweli. Nikafedheheshwa nusu siku. Wa pili nikasema, huyu mmoja tu.”

“Na wa tatu?”

“Kufikia wa tatu, ubao ulishapakwa rangi.”

Kobe aliweka kalamu chini. Kwa mara ya kwanza tangu apokee jalada, sauti yake ilipanda.

“Wewe ni daktari. Kila ulipoandika mbu, ulijua jokofu limekufa. Ungeandika ukweli mara mbili, jokofu lingeletwa, na tisa wangekuwa nyumbani wananyonyesha. Hukuficha vifo, bwana. Uliviagiza.”

Mganga hakubisha. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa, kwamba hata hivyo hakuna la kufanya. Takwimu za mwaka uliopita zimeshapelekwa, kitabu cha taifa kimeshachapwa, wakubwa wameshakinukuu kwenye hotuba. Kilikuwa hapo kwenye rafu. Kobe alikichukua, akatafuta ukurasa wa wilaya. Jedwali lilipangwa vizuri, mistari imenyooka, rangi za kupendeza. Kwenye safu ya vifo vya uzazi palikuwa na duara moja dogo. Mtu yeyote angeliamini.

Alipiga namba iliyochapwa nyuma ya jalada, akaweka simu kwenye spika. Afisa wa takwimu aliyepokea alikuwa na adabu. Alisikiliza habari yote, akasikitika, kisha akasema kwamba mwaka ule umeshafungwa.

“Mwaka unafungwaje na watu wamo ndani?” Kobe aliuliza.

Afisa, safari hii kwa sauti isiyo ya ofisini, alieleza kwamba ipo fomu ya kusahihisha sababu ya kifo. Haijawahi kumfikia hata moja tangu aanze kazi, miaka saba sasa. Inatakiwa kujazwa na mganga yule yule aliyetoa cheti, kwa mkono wake, moja kwa kila marehemu. Zikifika kumi na moja kutoka wilaya moja, mwaka uwe umefungwa au la, kitabu kitabidi kichapwe upya, na orodha ya majokofu ipangwe upya. Akaongeza kwamba angependa kuziona.

“Na wilaya nyingine zenye sifuri?” Kobe alimuuliza. “Ziko ngapi?”

“Mwaka jana, kumi na saba.” Afisa alishusha pumzi. “Tuliwapongeza wote.”

Kobe alikata simu. Alimwita karani, akamwambia alete hizo fomu. Karani alizitafuta kwa nusu saa na kurudi na bunda ambalo halijafunguliwa, karatasi za juu zimegeuka njano.

“Utakwenda nami kituoni,” Kobe alimwambia mganga, “lakini kwanza utamaliza kazi uliyoiacha nusu.”

Aliweka mbele yake kishina cha mke wa fundi baiskeli. Mganga alijaza jina, umri, tarehe. Alipofika kwenye kisanduku cha sababu ya kifo, kalamu ilisimama.

“Niandikeje?”

“Kilichomuua.”

Nje, gari la doria liliingia langoni, na mkunga alionekana kupitia dirisha akivuka uwanja mbio, kandambili mkononi, kwenda kulipokea sanduku. Mganga alimtazama mpaka akapotea mlangoni mwa wodi. Kisha akaandika: kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, dawa haikuwa na nguvu. Akatia sahihi. Yote hayo hayakuchukua dakika moja.

Kobe aliisoma fomu, akaiweka pembeni, akamsogezea kishina kinachofuata.

“Bado kumi,” alisema.